Kufunga simu iliyo Sumbawanga ukiwa Dar es Salaam

Wengi wetu tumeshakutana na teknolojia hii bila kuijua jina. Mwaka 2020 Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya, mteja aliondoka dukani na simu ya 4G akawa anailipia shilingi 20 kwa siku. Akiacha kulipa, simu inajifunga. Kubadilisha laini hakusaidii, kuizima na kuiwasha hakusaidii. Kinachofanya kazi pale ni programu iliyokaa ndani kabisa ya simu, yenye mamlaka kuliko aliyeishika mkononi, inayopokea amri kutoka mbali.

Shirika lenye simu 60 mikononi mwa wahudumu wa afya, maofisa mikopo au madereva hutumia mamlaka ya aina hiyohiyo: kuweka programu za kazi, kuzuia zisizohitajika, na kufunga au kufuta simu iliyopotea. Mfumo wenyewe huitwa kwa kifupi MDM (mobile device management), yaani usimamizi wa simu kwa mbali. Wauzaji huuonyesha kwa ukurasa mmoja wenye ramani, nukta za rangi, na vitufe vitatu: funga, tafuta, futa. Ukiutazama unaweza kudhani umenunua rimoti. Kiukweli amri yako inafanana zaidi na barua ya sanduku la posta. Haimfuati mtu nyumbani, inakaa sandukuni mpaka mwenyewe aje. Usipolielewa hilo, utabonyeza kitufe siku ya wizi, utaona neno "imetumwa", utalala usingizi, na simu itakuwa bado wazi.

Safari ya amri moja

Tuifuatilie amri moja. Simu imeibwa kituo cha basi Sumbawanga saa 4 asubuhi. Aliyeko Dar es Salaam anabonyeza "futa". Amri inaandikwa kwenye seva ya MDM na kubaki hapo. Seva haiwezi kuifuata simu moja kwa moja, kwa sababu simu haina anwani ya kudumu kwenye intaneti; imejificha nyuma ya mtandao wa kampuni ya simu. Kwa hiyo seva inaiomba Google iiamshe, au Apple kama ni iPhone. Simu ikiwa hewani huwa imeshikilia uzi mwembamba na seva za Google muda wote, uzi uleule unaoleta arifa za programu nyingine. Kwenye uzi huo unapita ujumbe usiozidi kilobaiti 4 unaosema tu: kuna kazi yako, nenda ukaulize. Simu inaamka, inaiendea seva ya MDM, inachukua amri, inaitekeleza na kurudisha jibu. Kama kuna mtandao na bando, yote hayo ni suala la sekunde.

Kila pingili ya safari hiyo ina namna yake ya kukatika. Ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni bando kuisha. Ujumbe wa kuamsha ni mdogo mno, lakini simu isiyo na hata megabaiti moja haipo hewani kabisa, na mara nyingi bando limemalizwa na programu zilizojisasisha zenyewe usiku. Ya pili ni mtandao wa ofisi uliobanwa kupita kiasi. Google hutumia milango ya mtandao namba 5228 hadi 5230, na Apple 5223. Fundi wa mtandao akiizuia, simu itavinjari vizuri lakini amri zitachelewa au zisifike, na lawama zote zitaangukia MDM.

Ya tatu haionekani kirahisi: amri ina umri. Kwenye huduma ya Google ambayo MDM nyingi za Android zimejengwa juu yake, amri ya kufunga isiyowekewa muda hufa baada ya dakika 10. Simu ikirudi hewani dakika ya 11, hakuna kitu kinachoisubiri. Baadhi ya MDM huweka muda mrefu kwa niaba yako, nyingine hukuachia wewe. Ulizia hilo kabla ya kulipia, na kwenye dashibodi, yaani ule ukurasa wa vitufe, jizoeze kutofautisha "imetumwa" na "imetekelezwa".

Ya nne ni mwizi mwenyewe. Mwenye uzoefu hutoa laini kabla hajavuka barabara. Simu isiyo na laini wala Wi-Fi haitasikia amri yoyote, hata MDM iwe ya bei gani. Kwa hiyo swali la maana ni hili: simu itajilindaje ikiwa haitarudi hewani tena?

Kinacholinda simu isiyo na mtandao

Jibu liko katika vitu vinne, na vyote huwekwa kabla simu haijatoka ofisini.

Cha kwanza ni namba ya siri. Inashangaza mashirika mangapi huweka MDM na kuacha simu bila PIN kwa sababu "wafanyakazi wanasahau". Kwenye simu isiyo na PIN, amri ya kufunga huzima kioo tu. Aliyeishika atatelezesha kidole na kuendelea. Sera, yaani kanuni ambazo MDM huzipeleka kwenye simu, idai PIN ya tarakimu 6, isiyo 123456 wala tarakimu moja iliyorudiwa. Kuhusu wanaosahau kuna dawa: MDM inaweza kubadilisha PIN kwa mbali, lakini kwenye Android ruhusa hiyo huanza kazi mara moja pale tu simu isipokuwa na PIN bado. Ikiwa PIN ipo, mtumiaji lazima aithibitishe kwanza, jambo ambalo aliyekwisha kuisahau hawezi. Mpangilio huo uwe umekamilika siku ya usajili.

Cha pili ni usimbaji wa data, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi husimba mafaili yote, na ufunguo umefungamanishwa na PIN. Simu ikizimwa na kuwashwa, data ya mtumiaji hubaki imefungwa mpaka PIN iingizwe mara ya kwanza. Kadi ya kumbukumbu ni habari nyingine. Huchomolewa kwa ukucha na kusomwa kwenye kompyuta yoyote. Zuia matumizi ya kadi kabisa kwenye sera. Ukishindwa, angalau hakikisha hakuna picha za wateja au fomu zinazohifadhiwa huko.

Cha tatu ni simu kujifuta yenyewe baada ya kukosea PIN mara kadhaa. Hii haihitaji mtandao. Weka mara 10. Kuna wanaoweka 4 kwa kudhani ukali ni usalama, kisha mtoto wa nyumbani anachezea simu usiku na asubuhi kazi ya wiki nzima haipo.

Cha nne ni kufuli ya Google ambayo mafundi huiita FRP, iliyoanza na Android 5.1 mwaka 2015. Simu ikirisetiwa kwa vitufe vya nje, inapowashwa inadai akaunti iliyokuwa ndani. Hapa kuna mtego. Kwenye simu inayomilikiwa na shirika kupitia mfumo wa Google, kufuli hii haipo mpaka msimamizi ataje akaunti zitakazoruhusiwa kuifungua. Sehemu hiyo ikiachwa tupu, mwizi anairiseti na kuitumia kana kwamba ameitoa dukani leo. Na usitegemee sera ya "zuia kuriseti": hiyo hufunga njia ya ndani ya mipangilio tu, njia ya vitufe inabaki. Taja akaunti mbili za ofisi, wala si Gmail binafsi ya kijana wa TEHAMA, maana akihama kazi ataondoka na funguo za simu zote 60.

Mafundi wanajua njia za kuizunguka kufuli hiyo kwenye matoleo ya zamani, ni kweli. Lakini kufikia hapo data imeshafutika. Kilichopotea ni simu tu.

Kazi inayofanyika mezani

Android hutoa nafasi moja tu ya msimamizi wa simu nzima, na nafasi hiyo hujazwa simu ikiwa mpya au imetoka kurisetiwa. Ukishaiwasha, ukaweka Gmail na kufika ukurasa wa mwanzo, mlango umefungwa. Ndiyo maana shirika likisema "tuna simu 60 tayari ziko mikoani, tunataka kuziunganisha kwa mbali", jibu la kweli ni kwamba kila moja itabidi irisetiwe mkononi mwa mtu. Simu iliyonunuliwa kwa mkopo wenye mfumo wa kujifunga haifai kwa kazi hii mpaka mkopo uishe.

Njia ya kawaida ni msimbo wa QR. Washa simu mpya. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa kukaribisha, gusa sehemu moja ya kioo mara 6. Kamera itafunguka, uskani msimbo kutoka kwenye dashibodi ya MDM, uunganishe Wi-Fi, na simu itapakua yenyewe programu ya usimamizi na sera zake. Kwa intaneti nzuri ni dakika chache kwa simu. Kwa simu 60 panga siku nzima, tena kwa watu wawili, mmoja anaskani na mwingine anaandika.

Kinachoharibika hapo hujirudia kila mara. Msimbo umekwisha muda: kwenye mfumo wa Google ukiacha bila kutaja, unaishi saa 1 tu, kwa hiyo ule uliochapwa jana hautafanya kazi leo. Saa ya simu iko nyuma, kwa hiyo vyeti vya usalama vinakataliwa. Irekebishe kabla hujalaumu seva. Wi-Fi ya ofisi ina ule ukurasa wa kuingiza jina na nywila kwenye kivinjari, ambao simu inayosajiliwa haiwezi kuufungua. Tumia hotspot ya simu nyingine. Na simu za kopi ambazo hazina cheti cha Google hugoma moja kwa moja. Jambo jingine dogo lenye madhara: msimbo unaweza kubeba jina na nywila ya Wi-Fi, na nywila hiyo haijafichwa. Yeyote atakayeuskani kwa programu ya kawaida ataisoma. Usiubandike ukutani.

Kuna njia bora kwa anayenunua simu nyingi kwa pamoja. Google wana utaratibu ambapo muuzaji aliyeidhinishwa huingiza IMEI, yaani namba za utambulisho za simu zako, kwenye orodha ya shirika. Simu ikiwashwa popote, na hata ikirisetiwa na mwizi, ikipata intaneti inarudi kwenye sera yako. Ni muuzaji tu anayeweza kuziingiza. Simu ulizookota bei nzuri Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi hazitaingia, hata uwe na risiti. Samsung wana utaratibu wao, nao huruhusu kuongeza simu zilizokwisha kununuliwa kwa kutumia programu maalumu. Kwa maoni yetu, tofauti ya bei kati ya muuzaji aliyeidhinishwa na duka la kawaida hurudi mara ya kwanza simu inaporisetiwa wilayani na mtu asiyejua MDM ni nini.

Daftari nalo lisisahaulike. Bonyeza *#06# na uandike IMEI. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, na zote ziandikwe, pamoja na namba ya laini, jina la anayeishika na tarehe aliyokabidhiwa kwa sahihi. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchini Tanzania, wanajua namba hiyo si pambo. Polisi, kampuni ya simu na muuzaji wote wataiulizia, na simu ikishaibwa huwezi tena kuibonyezea *#06#.

Sera: nini kifungwe na nini kiachwe

Msimamizi mpya hufunga kila kitu. Mwezi mmoja baadaye wafanyakazi wanatembea na simu mbili, ya ofisi iliyokufa na ya kwao wenyewe, na data za wagonjwa zinasafiri kwa WhatsApp binafsi. Kwa hiyo funga vilivyo na sababu: kusakinisha programu kutoka nje ya duka la Google, hali ya msanidi programu, kuhamisha mafaili kwa waya wa USB, kuwasha simu katika hali salama ambayo huzima programu zilizowekwa, kuongeza mtumiaji mwingine, na kubadilisha tarehe kwa mkono. Hili la mwisho huonekana dogo, ila kwa anayekusanya takwimu ni kubwa, maana fomu ya jana inaweza kupewa tarehe ya leo. Kamera, simu za kawaida na ramani ziache. Kuzuia hali ya ndege kunasaidia siku ya wizi, ingawa hakumzuii mtu kuchomoa laini.

Simu ya kazi moja, kama ile ya kukagua tiketi au ya kupokea wagonjwa mapokezi, huwekwa katika hali inayoitwa kioski: programu moja au chache tu zinaonekana, kitufe cha nyumbani hakitoki nje. Jina lenyewe linafaa, maana ni duka lenye dirisha moja. Kosa linaloua kioski ni kuficha mipangilio yote pamoja na ya Wi-Fi. Ofisi ikibadilisha nywila ya Wi-Fi, simu haina mtandao, MDM haiwezi kuituma nywila mpya kwa sababu simu haina mtandao, na aliyeishika hawezi kuiingiza kwa sababu mipangilio imefichwa. Simu imefungiwa ndani na funguo ziko nje. Kwenye sera za Google kuna kipengele kinachomruhusu mtumiaji kuchagua mtandao wa muda simu inapowaka bila intaneti. Kiwashe kabla ya kitu kingine chochote. Na nywila ya Wi-Fi ikibadilishwa, sera yenye nywila mpya itangulie siku kadhaa mbele.

Masasisho yana hesabu yake. Programu zijisasishe kwenye Wi-Fi tu. Mfumo wa Android wenyewe unaweza kupangiwa saa, mathalani saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri, au kuahirishwa hadi siku 30. Wakati wa kazi nyeti kama sensa ya kaya au uandikishaji, unaweza kugandisha masasisho yote hadi siku 90, lakini kati ya kipindi kimoja cha kugandisha na kingine lazima zipite siku 60. Usizoee kugandisha. Simu isiyosasishwa mwaka mzima ndiyo inayozungukwa na fundi kwa dakika 5.

Muuzaji wa MDM aulizwe swali moja la kumpima: mfumo wenu unatumia njia ya zamani ya "msimamizi wa kifaa" au Android Enterprise, ile njia mpya ya Google kwa simu za mashirika? Ile ya zamani ilinyang'anywa baadhi ya nguvu zake kuanzia Android 10, mwaka 2019, na bado kuna bidhaa za bei poa sokoni zinazoitegemea. Anayetaka kuendesha seva yake mwenyewe ana Headwind MDM kwa Android, yenye msimbo huria. Ni nzuri, ila usisahau kwamba aliyeokoa ada ya mwezi amejitwika kazi ya kuilinda seva.

iPhone kwa kifupi: njia ni Apple Business Manager, mfumo wa Apple kwa mashirika; simu zinunuliwe kwa wauzaji wanaoingiza namba zake humo, au uziongeze mwenyewe kwa Apple Configurator ukijua kwamba kwa siku 30 za mwanzo mtumiaji anaweza kujitoa. Kitu kimoja huangusha mashirika mazima: cheti cha arifa cha Apple, kinachoiruhusu MDM kuziamsha iPhone, huisha kila mwaka, na lazima kihuishwe kwa akaunti ileile iliyokifungua. Akaunti hiyo ikiwa ya mtu aliyeacha kazi, ukatengeneza cheti kipya kwa akaunti nyingine, iPhone zote zitahitaji kusajiliwa upya moja moja.

Simu ni ya mfanyakazi

Mashirika mengi hayana fedha ya simu 60, yanawaambia watu watumie zao. Hapo usidai mamlaka ya simu nzima, kwa sababu utakuwa na uwezo wa kufuta picha za harusi ya mtu. Android ina wasifu wa kazini: sehemu iliyotengwa ndani ya simu, programu zake zina alama ndogo ya mkoba, na data zake hazichanganyiki na za binafsi. Mwajiri haoni ujumbe, picha wala programu za upande wa pili, na mtu akiacha kazi kinachofutwa ni wasifu tu. Simu dhaifu zenye RAM ndogo huulemea. Chini ya GB 2 usijaribu.

Mwelezeni mfanyakazi kwa maandishi nini kinaonekana na nini hakionekani, kabla hajaskani. Hata kwenye simu ya shirika, kufuatilia mahali mtu alipo saa 4 usiku ni kukusanya taarifa zake binafsi. Apple wenyewe huruhusu MDM kuona mahali iPhone ilipo pale tu inapowekwa katika hali ya kupotea, na huo ni mfano wa kuigwa hata kwenye Android. Sheria zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 data zinapovuja kwa namna inayohatarisha watu, na inayompa nafuu mwenye kuthibitisha kwamba data zilikuwa zimesimbwa. Uganda nayo ina yake ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ripoti ya MDM inayoonyesha kwamba simu ilikuwa na PIN na usimbaji siku ilipoibwa ni karatasi ya kuhifadhi.

Saa ya kwanza baada ya wizi

Turudi Sumbawanga. Mpigie mfanyakazi, au yeye apige kwa simu ya jirani, na muulize mambo mawili: ilikuwa imefungwa au ilipokonywa ikiwa wazi mkononi? Na ina kazi ambayo haijatumwa?

Swali la kwanza linaamua kasi. Simu iliyoibwa ikiwa imefungwa, yenye PIN nzuri, inaweza kusubiri. Ifunge, weka ujumbe wenye namba ya ofisi kwenye kioo, jaribu kuitafuta. Iliyopokonywa ikiwa wazi ifutwe papo hapo. Ukishafuta hakuna kutafuta tena, ndiyo maana mpangilio ni funga, tafuta, kisha futa, isipokuwa kwa hiyo iliyopokonywa wazi.

Swali la pili linauma zaidi. Programu za kukusanya takwimu kama ODK Collect na KoboCollect huhifadhi fomu zilizokamilika ndani ya simu mpaka zitumwe. Ukifuta, mahojiano ya siku tatu yamekwenda na maji. Kuna mpangilio wa kutuma zenyewe kila mtandao unapopatikana. Uwe umewashwa tangu mwanzo, na msimamizi wa kazi akague kila jioni nani hajatuma. Zaidi ya hapo, fomu zinaweza kusimbwa kwa ufunguo wa umma zinapokamilishwa, hivyo hata aliyeshika simu hawezi kuzisoma.

Kwenye kidirisha cha kufuta kuna viboksi ambavyo watu huviruka. Kimoja huhifadhi ile kufuli ya FRP baada ya kufuta. Kwa simu iliyoibwa kitiki. Kingine hufuta kadi ya kumbukumbu pia, nacho kitiki.

Sasa jambo ambalo MDM hailigusi kabisa: laini. Kufuta simu hakufuti laini, na kwetu laini ni pochi. Mwizi akiihamishia kwenye kitochi, anapokea ujumbe wa namba za uthibitisho wa barua pepe, benki na WhatsApp. Weka PIN ya laini yenyewe tangu mwanzo. Ikikosewa mara 3 inadai PUK, namba ya kufungulia laini, na mwizi hana. Namba ya PUK iwe kwenye daftari ofisini. Kama laini imesajiliwa kwa jina la kampuni, jueni mapema ni nani mwenye barua ya kuruhusiwa kuizuia na kuirudisha, kwa sababu mhudumu wa kampuni ya simu hatakubali maelezo ya mtu yeyote tu. Wakati mmoja anashughulikia laini, mwingine aondoe akaunti za mfanyakazi kwenye barua pepe na mifumo ya kazi upande wa seva. Hatua hiyo hufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa.

Dashibodi yenyewe

Kitufe kinachofuta simu moja kinafuta zote. Agosti 2024 mtu aliingia kwenye mifumo ya Mobile Guardian, kampuni ya MDM iliyotumiwa na shule za Singapore, na vifaa vya wanafunzi wapatao 13,000 katika shule 26 vikafutwa kwa mbali. Wizara ya Elimu ikaiondoa programu hiyo kwenye vifaa vyote. Mwaka mmoja kabla, Julai 2023, wizara 12 za Norway zilivamiwa kupitia tundu la bidhaa ya Ivanti ya kusimamia simu, tundu lililomruhusu mtu kufika ndani ya mfumo bila kuulizwa nywila. Katika visa vyote viwili hakuna mfanyakazi aliyepoteza simu.

Kwa hiyo dashibodi ilindwe kuliko simu. Kila msimamizi awe na akaunti yake, uthibitisho wa pili uwe wa programu au ufunguo wa USB badala ya SMS, na mtu wa zamu apewe uwezo wa kufunga lakini si wa kufuta. Mifumo mingine hudai msimamizi wa pili aidhinishe kabla simu nyingi hazijafutwa kwa pamoja, ikiwepo, iwashe. Seva mnayoiendesha wenyewe isasishwe wiki tundu linapotangazwa, si robo mwaka ijayo.

Kisha chukua simu moja ya akiba, toa laini, zima Wi-Fi, bonyeza futa, subiri nusu saa, rudisha laini, uone kinachotokea. Fanya hivyo tena kwa kuiriseti kwa vitufe. Ndani ya saa moja utajua kama muda wa amri, FRP na akaunti zake vimekaa sawa, bila kumsubiri mwizi akufundishe.

Simu ikizeeka na ikaamuliwa iuzwe, ifutwe kutoka kwenye dashibodi, safari hii bila kutiki kiboksi cha FRP, kisha IMEI zake ziondolewe kwenye orodha ya muuzaji au ya Apple. Hatua hii ya pili husahauliwa, na baada ya wiki mnunuzi huja ofisini na simu yenye jina la shirika lenu kwenye kioo, akiuliza kwa nini alichonunua kinamwamuru aripoti kazini.